Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Törggelen

Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Novemba, wakulima wa zabibu wa Südtirol, kaskazini mwa Italia, huwafungulia milango wageni wanaowajia kwa miguu. Desturi hiyo huitwa Törggelen: mchana unapanda mlima, jioni unakaa mezani kula kastania (aina ya njugu za mti) za kuchoma na kuonja mvinyo wa mwaka huo. Wengi hupanga namna ya kupanda tu. Kinachowasumbua ni kushuka gizani wakiwa wameshiba, kwa hiyo anza na mpango wa kurudi.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na tangu siku hiyo jua huzama karibu saa kumi na moja jioni. Bondeni hutoweka mapema zaidi nyuma ya milima. Kila mtu awe na taa ya kichwani. Ya simu haitoshi, kwani baridi hudhoofisha betri na mikono inahitajika kwa fimbo. Fahamu saa ya basi la mwisho kabla hujatoka, na gari liache nyumbani: kikomo cha kilevi kwa dereva Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni ya chini ya miaka 3 ni sifuri. Vibao vya stesheni vina majina mawili, la Kijerumani na la Kiitaliano. Klausen na Chiusa ni mji uleule.

Njia inayopendwa ni Keschtnweg, kama kilomita 60 kutoka Vahrn hadi Bozen. Chukua kipande tu, mfano Klausen hadi Feldthurns. Muda hukadiriwa hivi: saa moja kwa kila kilomita 4, na saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, chukua jibu kubwa, ongeza nusu ya dogo. Kilomita 6 zenye mita 300 za kupanda ni saa 2, bila mapumziko. Vaa viatu vyenye soli ya meno, maana majani yaliyolowa juu ya mawe huteleza kama sabuni.

Meza za Jumamosi hujaa wiki kadhaa kabla, hivyo piga simu mapema, na ubebe fedha taslimu. Asiyekula nguruwe aseme wakati huohuo. Soseji na mbavu zinaonekana. Kinachowaponyoka wengi ni supu ya shayiri, ambayo mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe ya moshi. Schlutzkrapfen, vifuko vya unga vyenye mchicha na jibini laini, humfaa zaidi, ila aulize kama siagi iliyomwagiwa juu haina vipande vya nyama.

Sußer ni maji ya zabibu ambayo bado yanachacha. Utamu huficha kilevi, nacho huongezeka siku hadi siku. Ukizidisha, tumbo litakuendesha, na njiani vyoo ni vichache. Ukinunua chupa, usikaze kifuniko: gesi itaipasua.

Kastania zilizoanguka njiani zina mwenyewe, usiokote. Nunua kwa mkulima, zitie majini, utupe zinazoelea, kwani nyingi zina funza au zimekauka. Kabla ya kuchoma, chanja kila ganda, la sivyo litalipuka.