Somo: Kugawa punguzo katika mkataba wenye ahadi zaidi ya moja

Katika maduka ya mashine hapa Lubumbashi ni kawaida kukuta fakture yenye mistari mitatu: jenereta, dola 4,500; ufungaji, bure; matengenezo ya miezi 12, bure. Mhasibu anaipokea fakture hiyo na kuandika dola 4,500 zote kuwa mauzo ya siku ile. Mwandiko huo si sahihi, kwa sababu fundi atakayekwenda komini ya Kampemba mwezi wa sita wa mwaka unaofuata kubadilisha oili na filta atakuwa anatimiza ahadi ambayo mteja alikwisha kuilipia, ilhali vitabu vya mwaka huo vitaonyesha gharama ya fundi bila mapato yanayolingana nayo.

Kanuni inayoongoza jambo hili ni IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mapato ya mikataba na wateja, iliyotolewa mwaka 2014 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, tangu 2012, kwa hiyo vitabu vyetu vya kisheria hufuata SYSCOHADA, yaani mfumo wa uhasibu wa umoja huo, na wahasibu wengi wa hapa hukutana na IFRS pale kampuni mama iliyoko ng'ambo inapodai ripoti. Hata hivyo ninamshauri kila mhasibu aijue hesabu hii, kwani SYSCOHADA nayo inataka kila mwaka ubebe mapato yake wenyewe, na akaunti namba 477, ya mapato yaliyopokelewa kabla ya wakati wake, imewekwa kwa kazi hiyo.

Hesabu hii ina hatua tano. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mkataba upo: pande zote zimekubali, haki na malipo yanajulikana, na inatarajiwa kwamba mteja atalipa.

Hatua ya pili ni kutenga ahadi. Kwa kila kitu au huduma aliyoahidiwa mteja, jiulize kama anaweza kunufaika nacho peke yake, na kama kimetengana na vingine ndani ya mkataba. Ufungaji wa jenereta ya kawaida unaweza kufanywa na fundi umeme yeyote mwenye ujuzi, hivyo ni ahadi inayojitegemea. Lakini ikiwa mashine inabadilishwa sana ili iingie katika mtambo wa mteja, mashine na ufungaji huwa ahadi moja. Neno «bure» kwenye fakture halibadilishi chochote hapa.

Hatua ya tatu ni bei ya mkataba: dola 4,500. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, yaani dola 720, haimo, kwa sababu inakusanywa kwa ajili ya Serikali.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kugawa bei kwa kufuata bei ya kila ahadi inapouzwa peke yake. Tuseme duka huuza jenereta hiyo kwa dola 4,200, ufungaji kwa 300, na matengenezo ya mwaka kwa 900. Jumla ni 5,400, kwa hiyo mteja amepata punguzo la dola 900, na kila ahadi inabeba sehemu yake kwa uwiano: jenereta 3,500, ufungaji 250, matengenezo 750.

Kuna hali ambayo punguzo halisambazwi kwa ahadi zote. Ikiwa duka huuza kila kitu peke yake mara kwa mara, na pia huuza jenereta pamoja na ufungaji mara kwa mara kwa dola 3,600, basi punguzo la 900 linaonekana wazi kuwa ni la viwili hivyo, na matengenezo yanabaki na dola 900 zake kamili. Ushahidi uwe wa mauzo halisi. Tangazo lililobandikwa ukutani halitoshi.

Hatua ya tano ni kuandika mapato ahadi inapotimizwa. Mashine imekabidhiwa na kufungwa tarehe 1 Oktoba, na tunatumia mgawanyo wa kwanza:

Debiti 411, mteja: 5,220
Krediti 701, bidhaa: 3,500
Krediti 706, huduma: 250
Krediti 477: 750
Krediti 443, TVA: 720

Kila mwezi dola 62.50 zinatoka 477 kwenda 706. Tarehe 31 Desemba mapato yatakuwa dola 3,937.50, na dola 562.50 zitabaki kuwa deni la huduma kwa mteja.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: Mwalimu, sisi hatujawahi kuuza matengenezo peke yake. Bei yake tuitoe wapi?

Jibu: Ndugu, ikadirie. Angalia wanachotoza mafundi wengine mjini kwa kazi ileile, au jumlisha gharama zako za oili, filta, usafiri na saa za fundi, kisha ongeza faida yako ya kawaida. Njia ya kuchukua bei ya mkataba na kutoa bei za vingine inaruhusiwa pale tu ambapo bei ya kitu hicho inabadilika mno kati ya wateja au haijawahi kuwekwa.

Mwanachama wa Ruashi: Na mteja tuliyemwahidi kumrudishia asilimia 5 akifikisha jenereta 20 kwa mwaka?

Jibu: Mama, usingoje Desemba. Ikiwa unatarajia atafikisha, basi tangu jenereta ya kwanza ya dola 4,200 andika mapato ya 3,990, na dola 210 uziweke 4198, deni la punguzo litakalotolewa. Kadiria upya kila unapofunga hesabu. Punguzo la kulipa mapema ni jambo jingine: IFRS 15 inalitoa katika mapato, bali SYSCOHADA inaliweka 673 kama gharama ya fedha, hivyo anayetuma ripoti za aina mbili aandae marekebisho hayo.

Mwanachama wa Katuba: Garanti ya kiwandani nayo tuigawie bei?

Jibu: Hapana, ndugu, ikiwa inathibitisha tu kwamba mashine haina kasoro, hiyo huwekewa akiba ya gharama. Garanti ambayo mteja anaweza kuinunua peke yake ndiyo ahadi, nayo igawiwe bei.