Somo: Tibu fizi kwanza, ndipo upandikize jino

Wengi huulizia bei ya jino la kupandikiza kabla ya kuuliza jino la mwanzo lilitokaje. Kama ulianguka na pikipiki likavunjika, hilo ni jambo lingine. Lakini kama lilianza kucheza taratibu, fizi zikitoa damu kila unapopiga mswaki, basi ugonjwa uliolitoa bado umo kinywani, na implanti, yaani jino hilo la kupandikiza, itawekwa palepale kwenye ugonjwa. Ndiyo maana somo hili linaanza na fizi. Anayeruka sehemu hiyo mara nyingi hulipa mara mbili.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa umefika wapi

Kila siku utando laini wa bakteria hujijenga juu ya meno. Ukiachwa, ndani ya siku chache huanza kunyonya madini ya mate na kuwa ugaga, ule ukoko mgumu ambao mswaki hauwezi kuubandua. Fizi huvimba na kutoa damu. Vitabu vingi husema ufizi mgonjwa huwa mwekundu, lakini kwa mwenye fizi nyeusi za asili wekundu huo hauonekani vizuri. Tazama uvimbe, mng'ao usio wa kawaida, na damu. Katika hatua hii mfupa bado ni mzima, na fizi zikisafishwa hurudia hali yake.

Kwa baadhi ya watu ugonjwa hushuka chini. Ufizi huachana na mzizi, mfuko hutengenezeka, na mfupa unaoshika jino huanza kulika. Mfupa uliolika haurudi wenyewe. Maumivu huwa madogo au hayapo kabisa, na hapo ndipo watu wanapochelewa.

Kipimo chake ni rahisi: daktari huingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kando ya jino, sehemu sita kwa kila jino. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni afya. Kuanzia 4 zikiambatana na damu, kuna kazi ya kufanya. Milimita 6 au zaidi ni mfuko mrefu ambao hakuna mswaki wala uzi utakaofika chini yake. Picha ya eksirei huonyesha mfupa uliobaki. Ukiambiwa una tatizo la fizi bila kupimwa hivyo, omba upimwe, na omba nakala ya namba zako, kwa sababu ndizo zitakazoonyesha baadaye kama umepona.

Usimfiche daktari haya: kisukari na kipimo cha HbA1c cha karibuni (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu); dawa za presha, hasa nifedipini na amlodipini, ambazo kwa baadhi ya watu hunenepesha fizi, kama ifanyavyo fenitoini ya kifafa; warfarini ya kuzuia damu kuganda; ujauzito; na dawa za mifupa za kundi la bisfosfoneti, hasa sindano zinazotolewa kwa wagonjwa wa saratani, maana mfupa wa taya ukiguswa unaweza kushindwa kupona. Sema pia kama unatumia sigara, shisha au ugoro. Mvuta sigara hupata ugonjwa mkali zaidi huku fizi zake zikitoa damu kidogo, kwa hiyo hujiona mzima.

Hatua ya 2: Kusafishwa chini ya ufizi

Ugaga unaoonekana hutolewa kwa mashine ya mtetemo inayotoa maji. Ule uliojificha ndani ya mifuko hutolewa kwa mashine hiyo na vyuma vya mkono, chini ya ganzi, sehemu moja ya kinywa baada ya nyingine. Mara nyingi huchukua ziara 2 hadi 4. Kung'arishwa meno ya mbele kwa dakika kumi si matibabu ya ugonjwa huu, hata kama utatoka na tabasamu zuri.

Siku zinazofuata meno yatasisimka kwa vitu vya baridi, na mianya itaonekana mirefu zaidi. Uvimbe umeshuka, na kilichokuwa kimejaza mianya kilikuwa ugaga. Dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yenye hisia kali husaidia kwa wiki kadhaa.

Kuhusu vidonge: kununua amoksisilini na metronidazo duka la dawa kila fizi zinapovimba ni kosa kubwa. Utando wa bakteria umejikinga. Dawa haiupenyi vya kutosha kama haujavunjwa kwa chuma. Uvimbe hushuka siku chache, kisha hurudi, na wakati huo wote mfupa unaendelea kulika. Wapo wagonjwa wanaohitaji vidonge, lakini pamoja na usafishaji, kwa uamuzi wa daktari.

Rudi upimwe baada ya wiki 8 hadi 12. Mifuko mingi itakuwa imepungua. Pale panapobaki milimita 6 na damu, huenda ukahitaji kusafishwa tena au upasuaji mdogo wa ufizi kwa bingwa.

Hatua ya 3: Kazi ya nyumbani

Hapa ndipo matibabu yanaposhinda au kushindwa. Daktari anakuona saa chache kwa mwaka.

Tumia mswaki laini. Uelekeze kwenye mpaka wa jino na ufizi, umelala kwa nyuzi 45, uusogeze kwa mwendo mfupi sana bila kukandamiza. Dakika 2, usiku kabla ya kulala na wakati mwingine mmoja wa siku. Brashi ikitawanyika kabla ya miezi mitatu, unasugua kwa nguvu mno. Dawa ya meno iwe na floridi ya sehemu 1,350 hadi 1,500 kwa milioni (ppm). Soma kwenye boksi. Ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji.

Mswaki wa mti nao unafaa, mradi utafune ncha mpaka ilainike kama brashi, na uikate ncha iliyochakaa. Udhaifu wake ni upande wa ndani wa magego, ambako haufiki kirahisi, na ndiko ugaga hupenda kukaa.

Katikati ya meno mswaki wowote hauingii. Kwa aliyekwisha kupoteza mfupa, brashi ndogo za katikati ya meno ni bora kuliko uzi, kwa kuwa mzizi una mabonde ambayo uzi huyaruka. Chagua ukubwa ambao nywele zake zinagusa pande zote mbili bila waya kukwaruza. Wengi huhitaji saizi mbili au tatu katika kinywa kimoja. Mara moja kwa siku, usiku. Uzi utumie pale panapobana. Kijiti cha kuchokolea meno hutoa nyama, lakini utando huuacha palepale.

Utaona damu siku za mwanzo. Usiache. Ukiendelea vizuri, kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili; isipopungua, kuna ugaga uliobaki.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ni ya muda: ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili au kama ulivyoelekezwa. Acha nusu saa kati yake na dawa ya meno, kwani povu la dawa ya meno huidhoofisha. Ikizidi muda hutia meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula. Limau, magadi na mkaa viacheni kabisa. Asidi ya limau hula jino, na mkaa hulikwaruza.

Neno kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro na Nakuru: madoa ya kahawia yaliyomo ndani ya jino tangu utotoni yametokana na floridi nyingi ya maji. Si ugaga wala ugonjwa wa fizi, na kusafisha hakuyatoi.

Hatua ya 4: Je, uko tayari kwa implanti?

Uko tayari mifuko mirefu inayotoa damu ikiwa imeisha, na ukiwa umeonyesha kwa miezi kadhaa kwamba unaweza kusafisha kila jino. HbA1c iwe karibu na asilimia 7; ikizidi 8, madaktari wengi husubiri. Sigara iachwe, kwa sababu hupunguza damu inayofika kwenye kidonda na huongeza uwezekano wa implanti kushindwa. Kijana ambaye taya bado zinakua asubiri, maana implanti haisogei pamoja na taya.

Mfupa nao uwe wa kutosha. Baada ya jino kung'olewa, upana wa mfupa unaweza kupungua kwa karibu nusu ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa hupotea miezi mitatu ya mwanzo. Picha ya CT ya taya huonyesha upana, urefu, na mahali mshipa wa fahamu wa taya la chini unapopita. Skrubu inatakiwa ibaki angalau milimita 2 juu ya mshipa huo, na milimita 1.5 kutoka mzizi wa jirani.

Daraja (jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani) na meno ya kuvaa na kuvua bado ni matibabu halali. Kwa kinywa kisichotunzwa, hayo ni salama kuliko implanti.

Hatua ya 5: Upasuaji

Implanti ina sehemu tatu: skrubu ya titani inayoingia mfupani, kiunganishi kinachotokeza kwenye ufizi, na kofia, ambayo wengi huiita krauni. Mfupa hushikamana na titani moja kwa moja. Hilo ndilo alilogundua Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyempandikiza mgonjwa wa kwanza mwaka 1965.

Ganzi ni ileile ya kung'olea jino. Mfupa hutobolewa hatua kwa hatua huku ukimwagiwa maji ya chumvi yaliyo safi kabisa, kwa sababu joto la nyuzi 47 kwa dakika moja linatosha kuua seli zake. Ukirudi nyumbani: uma kitambaa cha gozi kwa nusu saa, weka barafu shavuni kwa vipindi vya dakika 10 siku ya kwanza, usisukutue kwa saa 24. Kuanzia siku ya pili, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Kula uji, mtori, viazi vya kuponda, utafune upande mwingine.

Piga simu siku hiyohiyo kama mdomo wa chini au kidevu bado kina ganzi baada ya saa ambazo dawa ilipaswa kuisha. Rudi pia kama maumivu yanaongezeka baada ya siku ya tatu. Kwa kawaida kofia huwekwa baada ya miezi 3 au zaidi, na taya la juu huweza kuhitaji hadi 6.

Hatua ya 6: Matunzo

Jino la asili limefungwa na nyuzi kati ya mzizi na mfupa. Implanti haina nyuzi hizo, na ufizi wake umeishika kwa ulegevu, hivyo maambukizi hushuka mfupani haraka zaidi na kwa ukimya. Ikiwa ni ufizi tu uliovimba, usafishaji unatosha. Mfupa ukianza kulika, matibabu ni magumu na hayana uhakika. Sababu nyingine ya maambukizi hayo inayosahaulika ni gundi ya kofia iliyobaki chini ya ufizi.

Kwa aliyewahi kuugua fizi: ukaguzi kila miezi 3 hadi 6, implanti ipimwe kwa kijiti, na eksirei ilinganishwe na ile iliyopigwa siku kofia ilipowekwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, ana kisukari. Ameambiwa umri umeshapita.*

Marahaba. Umri peke yake haumzuii. Kinachoangaliwa ni sukari, mfupa, dawa anazotumia, na kama mikono yake inaweza kushika brashi ndogo. Atibiwe fizi kwanza. Kwa wagonjwa wengi matibabu ya fizi hushusha HbA1c kidogo. Kama mikono ina shida, skrubu mbili za taya la chini zinazoshika meno ya kuvua ni rahisi kwake kusafisha kuliko meno ya kudumu.

*Nimesafishwa meno, sasa yanacheza kuliko mwanzo. Si bora ningeacha?*

Hapana, ndugu. Ugaga ulikuwa umeyafunga pamoja huku ukila mfupa. Mengi hukaza tena fizi zikipona. Rudi wiki ya 8 hadi 12 upimwe; yanayobaki kucheza yanaweza kufungwa na mengine.

*Jino moja linacheza. Niling'oe niweke implanti mapema kabla mfupa haujaisha?*

Usiharakishe. Jino lililopoteza sehemu ya mfupa linaweza kukaa miaka mingi likisafishwa vizuri, na hakuna implanti inayolishinda jino la asili lililotunzwa. Likiwa linacheza hadi kupanda na kushuka, hapo kulitoa ni haki.

*Nina ujauzito wa miezi mitano, ufizi umevimba kati ya meno mawili na unatoa damu sana.*

Homoni za ujauzito hufanya ufizi uudhike na utando mdogo tu. Huu ni wakati mzuri wa kusafishwa, dada, na ganzi ya kawaida inaruhusiwa. Uvimbe huo mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Implanti isubiri.

*Nilipandikiziwa India miaka kadhaa iliyopita. Kofia inacheza na kadi ya implanti sina.*

Usiikaze wala usiitafunie. Inaweza kuwa skrubu ndogo ya ndani imelegea huku implanti yenyewe ni nzima. Tatizo ni kwamba kila kampuni ina bisibisi na vipuri vyake. Iandikie kliniki hiyo barua pepe leo, ukitaja tarehe, uombe aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Wasipojibu, eksirei iliyopigwa wima sawasawa humsaidia daktari kuitambua kwa umbo. Wengine mnaokwenda kutibiwa nje: msipande ndege bila kadi hiyo yenye maelezo haya na eksirei ya mwisho.

*Nimepewa bei mbili tofauti sana za implanti. Niulize nini?*

Uliza kama bei inajumuisha picha ya CT, kiunganishi, kofia, na kuongezewa mfupa ikihitajika. Bei ndogo mara nyingi ni ya skrubu tu. Uliza aina ya implanti na kama vipuri vyake vinapatikana nchini. Uliza nani atafanya ukaguzi wa kila miezi sita na kwa bei gani. Na kama hakuna aliyepima fizi zako kwa kijiti kabla ya kukutajia bei, tafuta kliniki nyingine.