Kudarizi vioo vya Kihindi kwa mkono: kioo hakina tundu, sasa kinashikwa na nini?

Wengi wakiona blauzi ya Kihindi yenye vile vioo vidogo wanadhani vimebandikwa gundi, au vina matundu kama kifungo. Hapana, kinachokishika ni uzi tu. Kazi hii inaitwa shisha, na wakali wake ni akina mama wa Kutch, Gujarat, kule India, Warabari, Waahir, Wamutwa, kila jamii na staili yake, Waahir wanapenda vya duara, Warabari wanachanganya na pembetatu na mraba, Wamutwa wao vyao vidogo kabisa. Msichanganye na chikan ya Lucknow (asili yake uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe) wala zardozi yenye nyuzi za dhahabu, hizo siku nyingine.

Tafuta kitambaa cha pamba kizito kidogo, chepesi kitavutwa na uzito wa kioo, kibane kwenye fremu kikazike. Uzi ule wa kudarizi wenye nyuzi 6 ndani, chomoa 3 utumie hizo. Kioo anza na cha duara, na kingo zikague kwanza manake zikiwa kali zitakukata uzi katikati ya kazi.

Weka kioo, kishike kwa kidole gumba, tone la gundi chini yake sio dhambi. Toa sindano pembeni ya kioo, pitisha uzi juu yake uzame upande wa pili, alafu mwingine sambamba na huo. Sasa vuka kwa nyuzi mbili nyingine, kila ukikutana na uzi wa kwanza uzungushe mara moja ndio uendelee, utapata kaboksi katikati. Rudia tena kimshazari.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: nyuzi hizo wanaziweka ukingoni kabisa na zinalegea. Ziingize ndani, kama theluthi ya kioo toka ukingoni, na uvute kweli kweli, kwa sababu mshono unaofuata utazivuta kuja nje, zikiwa zimeanzia nje basi kioo kinachomoka, hakuna namna.

Alafu mzunguko. Toa sindano kwenye kitambaa, jirani na ukingo, ipitishe chini ya zile nyuzi kutoka katikati kuja nje, uzi ubaki chini ya ncha ya sindano, vuta. Chota kitambaa kidogo pale pale ukingoni, uzi tena chini ya ncha, vuta. Moja kwenye nyuzi, moja kwenye kitambaa, mpaka umalize duara, utaona kaboksi kanafunguka chenyewe kanakuwa pete. Mishono isogeleane, ukiacha mapengo inakuwa kama meno yaliyong'oka.

Funga fundo kwa nyuma. Kufua ni kwa mkono maji baridi bila kukamua, na pasi ipige upande wa nyuma juu ya taulo.