Jinsi ya kumaliza harufu ya kwapa, mwilini mpaka kwenye jezi

Kwanza tuelewane, jasho lenyewe halinuki. Ukitoka kubeba matenga ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, saa saba mchana, lile linalokutiririka mgongoni ni maji na chumvi tu, shida iko kwapani, huko kuna tezi zinatoa jasho zito lenye mafuta na protini, halafu bakteria wanaoishi kwenye ngozi, kina Staphylococcus hominis na Corynebacterium, wanalila na kuacha uchafu wenye salfa, ndo unaomfanya jirani yako kwenye daladala ya Igoma ahangaike na dirisha.

Sasa fanya hivi. Oga na sabuni, kwapa lisugue kweli sio kupitisha maji tu, alafu jikaushe vizuri kabla hujavaa maana hao wadudu wanapenda unyevu. Nywele punguza. Dawa ya kuzuia jasho paka usiku, ngozi ikiwa kavu. Pafyumu juu ya jasho ni kujidanganya, mi nilishajaribu nikaishia kunuka vitu viwili kwa mpigo.

Jezi ndo kesi ngumu, polista inashika harufu kuliko pamba. Igeuze ndani nje, loweka nusu saa kwenye nusu ndoo ya maji na kikombe cha siki nyeupe, suuza, fua kawaida, anika juani, upepo wa ziwa utamalizia. Ila siki usiichanganye na Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, hata kidogo, inatoa gesi ya sumu.