Mafuta ya uso ya alizeti, ubuyu na nta: namna ya kuyatengeneza jikoni kwako

Kwanza tuelewane. Hakuna mafuta, yawe ya elfu tatu au ya laki mbili, yanayofuta kunyanzi lililokwisha kujichora. Mafuta yanazuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasipotee. Ngozi ikibaki na maji yake, vile vimistari vya pembeni mwa macho vinafifia, uso unalainika na ukavu unaoongeza umri unaondoka. Si haba, lakini ni hilo tu.

Kinachozeesha uso ni jua kuliko kitu kingine chochote unachoweza kukiepuka. Mwanza tuko karibu na ikweta, halafu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa ziwa unakudanganya kwamba hakuna joto, kumbe mionzi inaendelea na kazi yake. Mwangalie mama anayeanika dagaa kule Igombe akipandisha mkono wa gauni: ngozi ya juu ya kiwiko bado nyororo, ya mgongo wa kiganja imekunjamana na kuweka madoa. Umri ni mmoja, jua ndilo lililotofautiana. Kwa hiyo mafuta haya yanakwenda pamoja na kofia pana au mtandio, na asubuhi losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Zile habari za mitandaoni kwamba mafuta ya karoti au ya nazi yanatosha kukinga jua, achana nazo.

Mahitaji (yanatoka kama gramu 100)

- Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila moto: gramu 65
- Mafuta ya mbegu za ubuyu: gramu 20
- Nta ya nyuki iliyosafishwa: gramu 14
- Vitamini E ya kimiminika (ya mafuta, isiyo na maji): gramu 1
- Mizani ndogo ya jikoni, bakuli la kioo au la chuma, sufuria, kijiko kikavu, vikopo vyenye vifuniko

Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko. Nta ya mabonge haipimiki kwa kijiko, na gramu tatu zikizidi unapata kitu kigumu cha kupaka viatu.

Hatua ya 1: Chagua mafuta

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu mafuta mabovu hayatengenezeki.

Watu wengi wakisikia mafuta ya uso wanawaza nazi au mzaituni. Nazi inaziba vinyweleo kwa wenye chunusi. Mzaituni, pamoja na heshima yake yote, una asidi ya oleiki nyingi (moja ya asidi zinazounda mafuta), na kwa baadhi ya watu unalegeza ule ukuta wa juu wa ngozi badala ya kuuimarisha. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo ndiyo ngozi inayoitumia kujengea ukuta wake. Nasi Kanda ya Ziwa tumezungukwa na alizeti: Simiyu, Shinyanga, hadi Singida. Kwa maoni yangu, anayeruka alizeti na kukimbilia vichupa vya mafuta ya nje ya nchi analipia chupa.

Usichukue yale ya dukani yaliyosafishwa mpaka hayana harufu. Nenda kwenye mashine ndogo ya kukamua, omba yaliyokamuliwa bila kukaanga mbegu, kisha fanya mambo matatu. Nusa: mazuri yananukia mbegu mbichi, yaliyochacha yananuka kama rangi ya ukutani. Yaache yatulie siku kadhaa hadi machicha yazame chini, chota ya juu, uchuje kwa kitambaa safi cha pamba. Mwisho, weka matone machache kwenye kikaango cha moto. Yakitatarika, yana maji. Hayo yapeleke kwenye mboga.

Ubuyu unaongeza uzito kidogo na hauchachi haraka. Ukiukosa, weka ufuta. Mwenye mzio wa karanga au ufuta asiguse mafuta ya vitu hivyo. Abaki na alizeti tupu gramu 85.

Hatua ya 2: Hakikisha nta ni nta

Wauza asali wa Tabora wanaleta nta nzuri, ila sokoni kuna ya kuchanganya na mafuta ya mshumaa. Nta halisi inanukia asali hata ikiwa baridi, na ukiivunja, pale ilipovunjika panakuwa na chembechembe, hapang'ai. Kama ni chafu, iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja, acha igande, kisha kwangua uchafu wa upande wa chini. Ianike kivulini ikauke kabisa kabla ya kuitumia.

Hatua ya 3: Kausha kila kitu

Adui mkubwa wa mafuta haya ni tone la maji. Bakteria na ukungu haviishi kwenye mafuta makavu. Vinaishi kwenye maji. Ndiyo maana sishauri kusaga shubiri mbichi, tango au maziwa na kuchanganya humu, hata kama video zinapendeza. Bila kihifadhi cha kitaalamu, baada ya siku chache unajipaka uozo usoni. Osha vikopo kwa maji ya moto na sabuni, suuza, vianike vimeinama juani hadi vikauke mpaka ndani ya mfuniko.

Hatua ya 4: Yeyusha

Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, punguza moto yabaki yanafuka tu. Weka bakuli juu yake, lisiguse maji. Tanguliza nta na mafuta ya ubuyu. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, hakuna haja ya kuchochea mkaa. Ikishayeyuka yote, mimina alizeti kidogo kidogo huku unakoroga. Nta itaganda kidogo kwa mshtuko, usijali, itarudi. Ikiwa angavu tu, epua na ufute maji ya chini ya bakuli kwa kitambaa kabla hujainamisha popote.

Sasa chovya kijiko, kiweke kwenye sahani baridi dakika tano, upake mkononi. Kigumu? Ongeza alizeti kijiko kimoja cha chai. Kinateleza mno? Ongeza nta kidogo, urudishe motoni.

Hatua ya 5: Vitamini E na kumimina

Subiri mafuta ya kwenye kingo za bakuli yaanze kufifia rangi, ndipo uweke vitamini E. Inachelewesha mafuta kuchacha. Ukinunua vidonge vya kutoboa, soma kibandiko: pakiandikwa asetati, hiyo hailindi mafuta ndani ya kopo. Tafuta iliyoandikwa tokoferoli, ndiyo vitamini E yenyewe.

Mimina. Acha vikopo wazi chini ya kitambaa safi hadi vipoe kabisa, maana ukifunika vya moto, jasho la mfuniko linadondokea ndani. Andika tarehe. Mahali pa kivuli yanakaa miezi mitatu hadi minne. Harufu ikibadilika kabla ya hapo, tupa.

Kupaka

Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Usiku, osha uso, usiukaushe sana. Chukua kiasi cha punje ya choroko, kiyeyushe kati ya viganja, ubonyeze usoni na shingoni bila kuvuta ngozi. Mwenye chunusi aruke paji la uso au aache kabisa.

Usiongeze limau. Limau na jua vinaunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayochukua wiki hata miezi kuondoka. Na ukikutana na mtu anayekuuzia kikopo kisicho na kibandiko akikuahidi uso wa msichana ndani ya wiki moja, huo ni mkorogo. Mara nyingi kuna zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) au dawa kali za steroidi humo, na steroidi zenyewe zinakondesha ngozi hadi mishipa ionekane.

Majirani wakianza kuagiza, usianze kuuza kienyeji. Vipodozi nchini viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, na SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) wanafundisha wajasiriamali wadogo namna ya kufungasha. Mabaki ya ndani ya bakuli yafute kwa karatasi yakiwa bado ya moto. Nta ikiganda kwenye bomba la sinki utamwita fundi.