Kabla Hujaitolea Maoni Picha ya Mwenzako, na Kabla Hujatuma Yako

Kura peke yake haimfundishi mpiga picha. Ukipewa tano juu ya kumi katika shindano la mtandaoni, unachojua ni kwamba hukupendwa sana wala hukuchukiwa. Hujui kama tatizo lilikuwa mwanga, fremu, mada, au haraka ya aliyepiga kura. Kinachofundisha ni zile sentensi mbili tatu zinazoandikwa chini ya picha. Kwetu sisi wapiga picha wa ridhaa hapa Uganda, ambao wengi hatukukanyaga chuo chochote cha picha, hizo ndizo darasa lenyewe. Ndiyo maana inaniuma kuona picha nzuri imewekwa, mwenyewe anasubiri, na anachopata ni "kali sana", "moto", na safu ya vidole gumba. Maoni yanayosaidia yanataka maandalizi, kwa anayetoa na kwa anayepokea.

Anza na kioo cha simu yako. Simu nyingi usiku huwasha zenyewe rangi ya njano ya kulinda macho, na kila picha utakayoitazama wakati huo itakuwa na joto ambalo mpigaji hakuliweka. Ukiwa juani mchana, na umeteremsha mwangaza wa kioo ili betri ifike jioni, kila picha itaonekana imezama gizani. Zima hiyo njano, ingia kivulini, weka mwangaza wa kioo katikati, ndipo utazame. Halafu jiulize picha imekufikia kwa njia gani. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na mara nyingi upande wake mrefu hubaki na pikseli 1600 hivi. Aliyepiga kwa kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 amepoteza kope, nyuzi za kitambaa na chembe za mchanga njiani, na wewe unamwandikia kwamba fokasi imemkosa. Mwombe aitume kama faili. Facebook nayo ilipofungwa nchini Januari 2021, wengi walijifunza kuingia kwa VPN, na kwa bando dogo picha hufunguka kwanza ikiwa na ukungu. Subiri ifunguke yote. Bila subira hiyo unakosoa mtandao, na mwenzako ndiye anayelipa.

Masharti ya shindano yasome kabla ya kutoa maoni, si kabla ya kutuma tu. Wengi hatufanyi hivyo. Mashindano mengi hukataza kuongeza au kuondoa kitu ndani ya picha, na hapo hapo unamkuta mtu anashauri, "Futa ile nguzo ya umeme." Akifuata ushauri huo ataondolewa. Mwaka 2018 shindano kubwa la picha za wanyamapori huko London lilimnyang'anya mshindi tuzo baada ya kuamua kwamba mnyama aliyeonekana akikaribia kichuguu alikuwa amekaushwa na kujazwa, si hai. Mwaka 2023 msanii Mjerumani Boris Eldagsen alikataa mwenyewe tuzo ya Sony World Photography Awards, akaeleza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili mnemba. Kwa hiyo ukishuku udanganyifu, usiuandike hadharani chini ya picha. Waandikie waandaaji kwa faragha, watamwomba mhusika faili la awali, na ukweli utajulikana. Tuhuma iliyoandikwa mbele ya watu haifutiki hata ikithibitika kuwa si kweli.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa kidogo, maana ushauri mwingi tunaorudia tumeuokota kwa watu wanaoishi chini ya jua la namna nyingine. Ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka. Jua letu huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, tofauti haizidi nusu saa hivi, na huteremka likiwa limenyooka. Likiwa nyuzi sita juu ya upeo wa macho, limebakiwa na dakika 25 hivi kabla ya kuzama. London mwezi Juni, kutoka kimo hicho hicho, linachukua karibu mara mbili ya muda huo. Ukimwambia mtu wa Masaka "ungesubiri mwanga wa jioni", umemwambia kweli, lakini umempa dirisha dogo mno. Ushauri wenye faida zaidi ungemwelekeza mahali: kivuli cha mwembe, baraza, mlango wa duka ulio wazi upande mmoja, ambapo hata karibu na saa saba mchana, jua likiwa utosini, uso hupata mwanga laini.

Na uso wenyewe. Maoni ninayoyaona mara kwa mara ni "uso mweusi mno, ongeza mwanga." Kabla hujaandika hivyo, tazama macho na mashavu. Je, unaona ngozi, mng'ao kwenye paji, mstari wa kope? Ukiviona, uso huo uko sawa, na ni mweusi kwa sababu mwenyewe ni mweusi. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Hujaribu kuifikisha kila picha kwenye kijivu cha wastani. Mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, kamera huupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta na uso unazama. Hapo shauri lako liwe kusogeza ile alama ya kujumlisha na kutoa upande wa kujumlisha. Lakini uso mweusi ukijaza fremu nzima, au nyuma yake kukiwa na giza, kamera hufanya kinyume: huongeza mwanga hadi ngozi ikapauka kama imemwagiwa majivu. Hapo shauri ni kutoa, si kujumlisha. Filamu za rangi za zamani zilisawazishwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, na mazoea ya macho yaliyotokana na enzi hiyo hayajaisha. Sioni sababu ya sisi wenyewe kuyaendeleza kwenye mashindano yetu.

Ukishajua unachokitazama, andika kwanza macho yako yalikwenda wapi. Chukua picha iliyopigwa asubuhi kwenye mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe: mama anaanika mukene, yaani dagaa wa ziwani, nyuma yake mitumbwi mitatu, na ukingoni kulia kuna beseni jekundu la plastiki. "Haina mvuto" haimsaidii. "Kata upande wa kulia" inamsaidia nusu, na inaweza kumharibia, kwa sababu mtumbwi wa tatu utakatika katikati. Lakini ukiandika hivi: "Macho yangu yalikwenda kwenye beseni jekundu kwanza, ndipo nikamwona mama. Nadhani ni kwa sababu ndiyo rangi kali pekee, tena iko ukingoni. Ungepiga hatua mbili upande mmoja beseni lingejificha nyuma yake", umempa kitu cha kufanya. Umesema ulichoona, sababu unayoidhania na njia moja ya kujaribu, na kila kimojawapo anaweza kukipinga kwa hoja. Hata akikataa njia yako, amejua macho ya mgeni yanaingilia wapi kwenye picha yake, na hilo hawezi kulijua peke yake kwa sababu yeye alikuwepo, alisikia harufu ya samaki, alizungumza na mama.

Taja pia kile kisichopaswa kupotea. Simaanishi sifa za kupaka mafuta kabla ya kuchoma. Watu wazima huzitambua na huziruka. Namaanisha kwamba mtu anapokwenda kurekebisha kosa, mara nyingi huharibu kilichokuwa kizuri, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni kizuri. Kama mkono wa yule mama ulinaswa hewani huku mukene wakimwagika, sema wazi kwamba mkono huo ndio picha. Safari nyingine atausubiri.

Kuna ushauri usiofaa kutolewa kabisa, hata kama kisanaa ni sahihi. "Ungesogea karibu" ni neno zuri kwa picha ya sokoni Nakasero, ila si kwa picha ya sokwe wa milimani huko Bwindi, ambako mgeni anatakiwa kukaa mita 10 mbali nao, flashi hairuhusiwi, na kundi la watu wasiozidi 8 lina saa moja tu. Mpigaji huyo alisimama alipowekwa. Vivyo hivyo, usimshauri mtu atafute pembe nzuri zaidi kutoka juu ya daraja la bwawa la Nalubaale pale Jinja, wala karibu na kambi ya jeshi, kwa kuwa huko kupiga picha kunaweza kumtia matatani na wewe hutakuwepo. Tena kuna watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto. Ukiona sura ya mtoto inatambulika, hasa katika kambi ya wakimbizi au hospitalini, swali la kwanza chini ya picha liwe kama mzazi anajua, si kama rangi zimekaa vizuri. Mwili na mavazi ya aliyepigwa picha usiviguse. Hakuja kushindana.

Kuhusu namna ya kusema, kuna jambo la hapa kwetu ambalo wenzetu wa Dar es Salaam au Mombasa huenda wasilione. Kwa Waganda wengi wa rika la wazazi wetu, Kiswahili kilifika kikiwa kimevaa buti za askari. Amri kavu, "Ondoa hii", "Rudia", "Sogeza", ambayo kwingine hupita kama neno la kawaida, hapa inaweza kumfanya mtu afunge simu. Andika "ungejaribu" au "naona ingesaidia". Mwite kaka, dada, mzee, kama ungemwita mkikutana uso kwa uso. Kama ameanza wiki iliyopita, chagua jambo moja tu, kubwa kuliko yote, na mengine uyaache yangoje. Aliyezoea anaweza kubeba matatu. Usimwandikie mzee wa watu orodha ya makosa mbele ya vijana wake. Hiyo mpelekee pembeni, kwa ujumbe wake mwenyewe.

Kwa upande wa anayepokea, kazi huanza kabla ya kutuma. Jiandikie mahali sentensi moja: nilitaka picha hii ionyeshe nini? Usiiambatanishe na picha, maana ukiwaambia watu waone nini wataona hicho hicho. Iweke kando, na maoni yakija yalinganishe nayo. Kama masharti yanaruhusu, uliza swali moja lenye mipaka, kwa mfano, "Je, mandharinyuma yanamsumbua mtazamaji?" Anayeomba "maoni yenu tafadhali" hupata vidole gumba. Kura zinapoendelea na majina yamefichwa, usijibu chochote, hata asante, kwa sababu umeshajitaja, na kuanzia hapo wanaobaki watapiga kura kwa sura yako. Na usiwahamasishe ndugu na majirani waje kukupigia. Utashinda pengine, lakini utakuwa umejinyima kujua picha yako inasema nini kwa mtu asiyekujua, na hicho ndicho ulichokuja kukitafuta.

Maoni yakifika, yasome yote mara moja, kisha yaache hadi kesho yake. Mtu anayejibu papo hapo hujitetea: kulikuwa na mvua, boda ilikuwa inaondoka, lenzi ni ya mkopo. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linaloonekana ndani ya picha. Ukirudi, tafuta mahali ambapo watu wawili watatu wameelekeza kidole bila kuambiana. Watazamaji hukosea dawa mara kwa mara, lakini ni nadra kukosea panapouma. Mmoja akisema kata, mwingine akisema fifisha, wa tatu akisema ungepiga kutoka chini, na wote wanazungumzia kona ile ile, basi kona hiyo ina tatizo, na dawa utaichagua mwenyewe. Fungua nakala, acha faili la awali salama, jaribu kila dawa, na uzitazame pamoja. Maoni yanayogusa ladha tu, kwamba fulani hapendi picha zisizo na rangi, yapokee kwa heshima na uendelee na safari yako. Ukiona tusi, usilijibu, mjulishe msimamizi.

Usipomwelewa mtu, muulize kwa upole anazungumzia sehemu gani. Wengine hupenda kukuonyesha kwa vitendo, wakaichukua picha yako na kuihariri. Hilo liombewe ruhusa kwanza. Hapa nchini picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na haki ni ya mpigaji tangu anapoipiga, awe ana studio au simu ya mkononi. Anayetoa nakala iliyohaririwa aitume kwa mwenyewe, asiisambaze, na aifute ikishatumika.

Halafu rudi mahali pale pale, saa ile ile kama unaweza, upige tena ukiwa na jambo moja tu la kurekebisha. Mtumie picha hiyo mpya aliyekuandikia, hata kama shindano limekwisha na mshindi ametangazwa, na umwambie ni neno gani kati ya maneno yake ulilolifuata na lipi uliliacha, na kwa nini.