Boma la Arusha kwa gari la kempingi: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka Moshi

Boma la Arusha ni ngome ya zamani ya Wajerumani ambayo leo ni makumbusho, na kutoka Moshi hadi Arusha ni takriban kilomita 80. Gari lenye kitanda, jiko na maji lipe saa mbili kamili, kwa sababu njiani kuna vijiji vingi vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na matuta yake hayataki haraka.

Mzigo upangwe usiku wa kuamkia safari. Lita 40 za maji ni kilo 40, kwa hiyo madumu yakae sakafuni, katikati ya ekseli mbili, yakiwa yamefungwa mkanda. Yakirundikwa nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi na gari linayumba ukipishana na lori. Kila kabati liwe na komeo. Tuta moja linatosha kuifungua milango, sufuria ikabingirika hadi kwenye pedali ya breki. Jaribu jeki gari likiwa limepakiwa, maana jeki ya gari dogo mara nyingi haifai hapa. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukipima baada ya kutembea, joto limeshapandisha namba, na utapunguza upepo ambao haukuzidi.

Gesi ndiyo isiyosamehe. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haitoki kwa dirisha la juu bali inatulia sakafuni, chini ya kitanda. Lazima pawe na tundu la chini la kuitolea nje. Mtungi usimame wima, ufungwe imara, na koki ifungwe kabla injini haijawashwa. Pakaza povu la sabuni kwenye regyuleta na kila ungio la mpira. Ukiona mapovu yanavimba, mtungi huo ubaki nyumbani. Kizimamoto kiwe karibu na mlango, mbali na jiko, ili moto usikuzuie kukifikia.

Friji ya volti 12 na wati 48 huvuta ampea 4. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una ampea-saa 50 za kutumia, yaani saa 12 hivi hata friji isipopumzika. Zinatosha kwa safari ya siku moja, mradi friji iwe kwenye betri ya pili. Ukiiunga kwenye betri ya kuwashia, gari litagoma kuwaka huko huko mjini.

Boma liko Barabara ya Boma, si mbali na Mnara wa Saa. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 kama ngome ya kijeshi, kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa kazi. Leo ni makumbusho ya elimu viumbe. Anza na sehemu ya historia ya ukoloni kabla ya wanyama, kwa sababu kuta unazozigusa ni sehemu ya simulizi hilo. Beba kitambulisho cha taifa, kwani raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na simu iwe na salio la kulipia maegesho. Andika urefu wa gari kwenda juu karibu na usukani, hasa kama kuna hema juu ya paa: matawi na mageti hayaulizi.

Usipike mjini. Chakula kipikwe nyumbani, chai ichemshwe Ziwa Duluti, Tengeru, wakati wa kurudi. Ondoka hapo kabla ya saa kumi jioni. Giza likiingia, bodaboda zisizo na taa na mifugo huwa barabarani.